Nishani Isiyoandikwa Daftarini

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii husemwa sana kwa wafanyi biashara, maana mwenye duka asiyeandika alichouza na alichokopesha, mwisho wake hujikuta mikono mitupu, wala hajui fedha zake zimekwenda wapi. Lakini iko mali nyingine isiyo ya dukani, nayo pia hupotea kwa kukosa kuandikwa. Mali hiyo ni sifa njema ya mtu. Habari hizi zaeleza jinsi sifa ya askari inavyoweza kupotea katika karatasi, na jinsi inavyoweza kurudishwa, hata kama mwenyewe amekwisha kufa.

Katika jeshi, kila askari ana jalada lake. Siku anapoingia huandikwa jina lake, umri wake na kwao. Akihamishwa, huandikwa. Akijeruhiwa, mganga huandika jeraha lake na dawa aliyotiwa. Akitunukiwa nishani, amri hutolewa kwa maandishi, na nakala ya amri ile huwekwa katika jalada. Hata siku ya kuachiliwa ifikapo, karani huyakusanya mambo makubwa ya utumishi wake na kuyaandika katika hati moja. Nchini Marekani, tangu mwaka wa 1950, hati hiyo huitwa DD 214. Askari huichukua akaenda nayo kwao, na kwa hati hiyo huomba kazi, huomba matibabu, huomba malipo ya ulemavu. Naye akifa, jamaa zake huitumia kuombea maziko ya kijeshi.

Basi nishani yenyewe ni kipande cha madini na utepe. Yaweza kuibwa, yaweza kuungua, yaweza kuanguka njiani, na nyingine ikatolewa badala yake. Lakini nishani isiyotajwa katika hati, mbele ya serikali ni kama haikupatikana kamwe. Mzee aweza kuwaeleza wajukuu wake habari za vita usiku kucha, nao wakamsadiki. Karani hatamsadiki, kwa kuwa karani husadiki karatasi.

Mfano ulio wazi wa jambo hili ni habari za Henry Johnson, Mmarekani mweusi. Mtu huyu alikuwa mwenyeji wa jimbo la North Carolina, na alipokuwa kijana akahamia mji wa Albany, katika jimbo la New York. Huko alifanya kazi nyingi za mikono, na mwisho akawa mchukuzi wa mizigo ya abiria katika stesheni ya gari la moshi. Hakuwa pandikizi la mtu. Alikuwa mfupi, na mwili wake mwepesi. Mwezi wa Juni mwaka wa 1917, Marekani ilipokuwa imekwisha kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza, akajiandikisha katika kikosi cha watu weusi cha New York, ambacho baadaye kiliitwa Rejimenti ya 369.

Siku zile jeshi la Marekani liliwatenga askari weusi na weupe. Weusi wengi waliopelekwa Ufaransa hawakupewa kazi ya kupigana. Walipewa kazi ya kupakua meli na kutengeneza barabara. Rejimenti ya 369 ilitolewa kwa jeshi la Ufaransa, ambalo lilikuwa limepungukiwa sana na watu. Wafaransa wakawapa silaha zao na kofia zao za chuma, wakawapeleka mstari wa mbele. Rejimenti hiyo ilikaa siku 191 mbele ya adui.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918, Henry Johnson alikuwa katika lindo pamoja na mwenzake, Needham Roberts, kando ya msitu wa Argonne. Katika giza lile kikosi cha Wajerumani, watu kumi na wawili au zaidi, kikawashambulia. Roberts akajeruhiwa vibaya, asiweze tena kusimama kupigana. Johnson naye akajeruhiwa, lakini hakukimbia. Alitupa mabomu ya mkono hata yakamwishia. Akapiga bunduki hata ikakwama. Akaigeuza akapigana kwa kitako chake hata kikavunjika. Alipotazama akaona maadui wamemshika mwenzake na kumburuta, wapate kumchukua mateka. Akatoa panga lake fupi, akawaingilia ana kwa ana, akamwokoa Roberts. Wajerumani wakarudi nyuma. Kulipokucha, Johnson alikutwa na majeraha 21 mwilini mwake.

Wafaransa hawakukawia. Waliwapa watu hawa wawili Msalaba wa Vita, nishani ya Ufaransa ya ushujaa, na ule wa Johnson ukapambwa kwa kuti la dhahabu. Wakawa miongoni mwa askari wa kwanza wa Marekani kuupata. Jemadari Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Ufaransa, akataja ushujaa wao katika taarifa yake, na magazeti ya nyumbani yakaeneza habari. Tarehe 17 Februari 1919 rejimenti iliporudi, watu walijaa pande zote mbili za njia kuu ya jiji la New York kuwashangilia, na Johnson alipita amepanda gari kwa sababu ya majeraha yake. Tena jeshi lilitumia jina lake na sura yake katika matangazo ya kuuzia stempu za akiba ya vita. Hapana mtu aliyeweza kusema kwamba habari zake hazikujulikana.

Hata hivyo, Johnson alipoachiliwa jeshini, hati yake haikutaja majeraha yale. Majeraha 21 yalikuwa katika mwili wake, wala hapakuwa na hata moja katika karatasi yake. Wala serikali ya nchi yake haikumpa nishani yo yote ya ushujaa. Msalaba aliokuwa nao ulikuwa wa nchi ya kigeni. Akarudi Albany, lakini mwili uliovunjika haukuiweza tena kazi ya kubeba mizigo. Maisha yake yakawa magumu, na mwezi wa Julai mwaka wa 1929 akafa, angali mtu wa makamo. Kwa miaka mingi watu wa Albany walidhani kwamba amezikwa katika kaburi la maskini lisilo na jina.

Msomaji aweza kuuliza, Yawezekanaje jambo lijulikanalo na watu wote likakosa kuandikwa? Sababu zake ni nyingi, na si zote ni za ubaya.

Sababu ya kwanza ni haraka. Vita vikiisha, askari kwa maelfu hutaka kwenda kwao siku moja. Makarani huketi mezani mchana na usiku, mstari wa watu mbele yao haupungui, na askari mwenyewe hataki kungoja. Akiona jambo limeachwa, husema moyoni mwake, "Na iwe hivyo, mradi niende nyumbani." Haraka haraka haina baraka, miaka arobaini baadaye ndipo ajuapo hasara ya mstari ule mmoja ulioachwa.

Sababu ya pili ni kwamba nishani nyingine huamriwa baada ya mtu kuondoka. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa miguu wa Marekani waliopigana na adui walipewa beji yao maalumu. Mwaka wa 1947 jeshi likaamua kwamba kila aliyeipata beji ile katika vita hivyo astahili pia Nyota ya Shaba. Lakini wengi wao walikuwa wamekwisha kuachiliwa mwaka wa 1945 na 1946, nao walikuwa mashambani na viwandani mwao. Hati zao hazikuweza kutaja nishani ambayo haikuwa imeamriwa bado. Wako waliokufa pasipo kujua kwamba walikuwa na haki ya nyota ile.

Sababu ya tatu ni kupotea kwa barua. Mwaka wa 1918, tarehe 28 Septemba, Koplo Freddie Stowers wa Rejimenti ya 371, naye mtu mweusi, alikuwa katika kushambulia kilima kimoja huko Ufaransa. Adui walitoka handakini wakainua mikono kana kwamba wamejitoa. Wamarekani walipowakaribia, wale wakaruka ndani tena, na bunduki za mtombo zikaanza kulia. Zaidi ya nusu ya kombania ya Stowers wakaangushwa. Yeye akawaongoza waliosalia, wakautwaa mtombo ule. Akapigwa risasi, akaendelea kutambaa mbele na kuwatia wenzake moyo mpaka alipokufa. Wakubwa wake waliandika kumwombea Nishani ya Heshima, ambayo ni kubwa kupita zote za Marekani. Barua ile haikushughulikiwa. Ilikaa miaka zaidi ya sabini. Mwaka wa 1990 jeshi lilipochunguza tena mambo ya zamani, likaiona. Na tarehe 24 Aprili 1991 Rais George Bush akawakabidhi dada zake wawili nishani ya ndugu yao.

Sababu ya nne ni ubaguzi, na hii ndiyo mbaya kuliko zote. Katika Vita Kuu ya Pili, Wamarekani weusi walitumika kwa mamia ya maelfu, lakini vita viliisha pasipo hata mmoja wao kupewa Nishani ya Heshima. Mwaka wa 1993 jeshi lilikiomba chuo kikuu kimoja kuchunguza sababu, na wachunguzi wakaona kwamba ubaguzi wa rangi uliwafungia njia. Tarehe 13 Januari 1997 Rais Clinton alitoa nishani saba kwa ajili ya watu weusi wa vita vile. Sita walikuwa wamekwisha kufa. Mmoja tu, Vernon Baker, alikuwa hai kuipokea kwa mikono yake, akiwa mzee wa miaka sabini na saba.

Iko na sababu ya tano, ambayo haikumkusudia mtu ye yote. Marekani ilikuwa ikiweka majalada ya askari wa zamani katika nyumba kubwa karibu na mji wa St. Louis. Tarehe 12 Julai 1973, usiku, orofa ya juu ya nyumba ile ilishika moto. Wazima moto walipigana nao kwa siku kadhaa. Ulipokwisha, majalada kati ya milioni 16 na milioni 18 yalikuwa yameharibika. Kati ya askari wa jeshi la nchi kavu walioachiliwa tangu Novemba 1912 mpaka Januari 1960, katika kila majalada kumi, manane yalipotea. Wala hapakuwa na nakala nyingine. Kwa usiku mmoja, utumishi wa watu wasiohesabika ukawa majivu.

Lakini hata majivu yana habari kwa mwenye subira. Majalada yaliyolowa maji yalikaushwa, na yaliyoungua kingo yakatunzwa moja moja kwa mikono. Watunzaji wakajifunza pia kutafuta habari ya askari mahali pengine. Ikiwa jalada lake limeungua, huenda jina lake lingali katika orodha ya mishahara, maana serikali ikilipa fedha huandika imemlipa nani. Huenda limo katika taarifa ya asubuhi, ambayo kila kombania iliandika kila siku ikataja nani amefika, nani mgonjwa, nani amejeruhiwa na nani amekufa. Huenda limo katika vitabu vya hospitali. Kwa vipande hivi, jalada jipya huweza kuundwa, kama vile mfinyanzi aunganishavyo vigae ili ajue chungu kilikuwa na umbo gani.

Sasa yafaa kueleza jinsi askari wa Marekani, au jamaa zake, wanavyotafuta haki hiyo. Kwanza huandika barua kuomba nakala ya hati na jalada. Huipitia mstari kwa mstari, na kuilinganisha na yale ayajuayo. Akiona nishani imeachwa, humwandikia mkuu wa kumbukumbu wa jeshi lake, akitaja kikosi chake, tarehe na mahali, na kuonyesha uthibitisho. Ikiwa kosa ni dhahiri, yaani amri ya kumpa nishani imo jaladani ila karani hakuinukuu, jambo huisha hapo. Hati ya kwanza haikwanguliwi wala haichanwi, hutolewa hati ya pili, iitwayo DD 215, inayosema, "Katika hati ile, ongezeni neno hili." Hizo mbili hukaa pamoja.

Akikataliwa, hupeleka shauri lake mbele ya baraza. Zamani hapakuwa na baraza la namna hii. Askari aliyedhulumiwa na karatasi ilimpasa kumtafuta mjumbe wa Bunge la nchi, ili sheria maalumu itungwe kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mashauri yakawa mengi mno, na mwaka wa 1946 Bunge likaamuru jeshi liwe na mabaraza ya kusahihisha kumbukumbu. Wanaoketi katika mabaraza hayo ni raia, si maofisa wa jeshi, ili asihukumu yule yule aliyeandika. Mwombaji hujaza fomu, wala halipi ada. Ikiwa amekufa, mjane wake au warithi wake waweza kuomba. Sheria yasema shauri liletwe kabla ya miaka mitatu kupita tangu kosa lilipojulikana. Lakini baraza laweza kuusamehe ucheleweshaji kama haki yadai hivyo.

Jambo moja ni gumu, nalo ni ushahidi. Baraza huanza kwa kudhani kwamba karatasi za serikali ni sahihi, na mzigo wa kuonyesha kosa humwangukia mwombaji. Machozi hayatoshi, wala kovu peke yake halitoshi. Atakaye nishani ya majeruhi sharti aonyeshe kwamba jeraha lilitokana na adui, na kwamba liliuguzwa na mganga. Kovu husema, "Mtu huyu aliumia"; halisemi aliumizwa na nani, wala lini. Kwa hiyo hutafutwa taarifa ya hospitali, barua iliyoandikwa nyumbani siku zile, au hati ya kiapo ya mwenzake aliyekuwako akaona kwa macho yake. Na kila mwaka upitao, mashahidi hupungua.

Wako waonao kwamba ukali huu ni ukatili. Kwa nini mzee aliyemwaga damu yake asumbuliwe kama mshitakiwa? Malalamiko haya yana kweli ndani yake. Lakini fikiri upande wa pili. Wamekuwako watu waliovaa nishani ambazo hawakuzipata, na kusimulia vita ambavyo hawakuviona, ili wapate heshima au fedha. Kama daftari lingekubali neno la kila mtu, nishani ya shujaa na nishani ya mwongo zingekuwa na thamani moja, yaani hazingekuwa na thamani yo yote. Mlango mgumu humlinda pia yeye aliyeingia kwa haki. Ubaya huwapo pale ambapo waliolifanya kosa ni wakubwa, na anayetakiwa kulirekebisha ni mnyonge, asiye na nakala wala fedha wala mtu wa kumwandikia.

Na katika habari za Henry Johnson, yeye mwenyewe hakuwapo tena kulirekebisha. Watu wengine walimfanyia. Katika mji wa Albany walikuwako askari wa zamani, waliopigana vita vingine baadaye, ambao hawakukubali jina lake lisahauliwe. Hawakuwa jamaa zake. Waliandika barua, wakatafuta katika nyumba za kumbukumbu, wakawaendea wajumbe wa Bunge. Mwaka wa 1996, yaani miaka 67 baada ya kifo chake, akapewa Moyo wa Zambarau, nishani ya askari waliojeruhiwa na adui. Ndipo yale majeraha 21 yalipopata mahali katika karatasi. Mwaka wa 2002 jeshi likamwongezea Msalaba wa Utumishi Bora, nishani ya pili kwa ukubwa. Karatasi zikafichua na jambo lingine: Johnson hakuzikwa katika kaburi la maskini. Alikuwa amezikwa kwa heshima zote katika makaburi ya mashujaa huko Arlington, karibu na mji mkuu, wala watu wa kwao hawakujua.

Wale waliomtetea hawakutosheka, kwa maana waliona ushujaa wake wastahili Nishani ya Heshima. Lakini kwanza ilitakiwa taarifa iliyoandikwa wakati ule ule na mkubwa wa jeshi. Wakatafuta tena. Mwishowe mtumishi wa ofisi ya Seneta wa New York akaipata taarifa ya Jemadari Pershing ya mwaka wa 1918, iliyosimulia usiku ule. Taarifa hiyo haikuwa imefichwa. Ilikuwa imelala tu, ikingoja mtu wa kuisoma. Mwaka wa 2011 maombi yakapelekwa pamoja na kurasa zaidi ya elfu moja za ushahidi. Tena kwa kuwa muda uliowekwa na sheria ulikuwa umepita zamani, Bunge lilitunga sheria mwezi wa Desemba 2014 kuuondoa mpaka huo kwa ajili yake na kwa ajili ya Sajini William Shemin, Myahudi, aliyewaokoa wenzake waliojeruhiwa katika vita vile vile. Naye Shemin alikuwa na binti aliyepigania jina la baba yake kwa miaka mingi.

Tarehe 2 Juni 2015 Rais Obama akatoa nishani zote mbili. Ile ya Shemin ilipokewa na binti zake wawili. Ya Johnson haikuwa na mtu wa ukoo wa kuipokea, maana hapakuonekana jamaa yake aliyethibitishwa. Ikapokewa na sajini mkuu mmoja wa jeshi la New York kwa niaba yake. Tangu usiku ule wa Argonne ilikuwa imepita miaka 97.

Je, yamfaa nini maiti kuandikwa katika daftari? Nishani haikumrudishia Johnson kazi yake katika stesheni. Haikumnunulia mkate mwaka wa 1925. Mtu aweza kusema kwamba haki iliyokuja baada ya miaka 97 si haki, bali ni sherehe, na neno hilo si rahisi kulijibu. Lakini daftari la nchi halisomwi na wafu. Husomwa na walio hai. Mtoto mweusi aliyesoma habari za vita katika miaka ya 1930 aliona orodha ya mashujaa, asione hata mmoja wa vita ile aliye wa rangi yake, akadhani kwamba babu zake hawakupigana, au walikimbia. Huo ulikuwa uongo, ingawa hapana mtu aliyeutamka. Uliandikwa kwa kunyamaza. Kusahihisha daftari ni kuukomesha uongo huo, ili usiendelee kuwadhuru watoto ambao hawajazaliwa bado. Deni likilipwa kwa kuchelewa halikosi kuwa limechelewa, lakini ni afadhali kuliko kukana kwamba deni halikuwako.

Wala jambo hili si la Marekani peke yake. Katika vita ile ile ya 1914 mpaka 1918, watu wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kwa wingi kubeba vyakula na risasi za majeshi ya Waingereza na ya Wadachi, na wengi sana wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliacha jina lake katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Sanamu za ukumbusho zilisimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, lakini majina ya wapagazi waliokufa hayakuandikwa mawe kwa mawe kama ya wazungu. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo kazi ya kutafuta majina imeanzishwa. Wa Johnson walikuwa na jina, wakatafuta sifa iliyopotea. Hawa wengine, jina lenyewe ndilo linalotafutwa.

Katika haya yote liko fundisho kwa kila anayejifunza kuandika. Watu hudhani kwamba kazi ya ushujaa ni ya mwenye panga, na kazi ya karani ni ndogo. Lakini karani mmoja aliyeacha mstari mmoja alimnyima mtu haki yake maisha yake yote. Na mwingine, ambaye jina lake halijulikani, aliyeinakili taarifa ya Pershing kwa usahihi akaiweka mahali pake, ndiye aliyemwokoa Johnson karibu miaka mia baadaye. Atakayekabidhiwa daftari lo lote, liwe la shule, la hospitali, la chama au la kijiji, na aandike kweli yote, siku ile ile, kwa hati isomekayo, wala asimruke mtu kwa sababu ya kabila lake au umaskini wake. Na mwenye baba au babu aliyetumika, na amwulize leo alikuwa kikosi gani, wapi na mwaka gani, ayaandike majibu yake na kuyatunza, maana mashahidi hawangoji.